Kila Mtoto na Jino Lake

Maskati, Ijumaa alasiri

Mama yangu,

Shikamoo. Itikia kwa sauti, hata kama wapita njia hapo nje watadhani unaongea peke yako, maana mimi nisipoisikia marahaba yako maneno mengine hayatoki. Mnaendeleaje nyie? Ule mguu unaokuuma kila mvua zikikaribia umetulia? Na viboko, mwaka huu wameuacha mpunga wa bondeni au wamevuna wao kwanza mkabakiziwa nyie? Mimi mwili ni mzima. Nalinda geti, nakula, nalala. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu.

Barua hii nampa Yusufu, mlinzi mwenzangu, mtu wa Karema, anayerudi nyumbani likizo. Akishuka kwenye treni Mpanda ataipeleka sokoni kwa mama mdogo, pale anapouzia mchele, naye mama mdogo ataileta kwako. Nimesema isifunguliwe njiani. Na wewe mama usimpe mtu akusomee. Biblia unaisoma mwenyewe kwa miwani yako, na haya utayaweza. Kaka Leonsi namheshimu, ni mkubwa wangu, lakini simu yake haijui kunong'ona. Nikituma neno moja, kijiji kizima kinasikia mpaka kuku. Jambo la leo si la kuku.

Nianze na kinywa changu, halafu utaona kinatupeleka wapi. Wiki chache zilizopita nilikuwa getini natafuna mkate, nikahisi kitu kigumu. Nikadhani jiwe, nikaanza kumlaani mwoka mikate. Nilipotema kiganjani nikakuta ni jino langu, la mbele chini. Zima mama, halina tundu, wala halina weusi. Na halikuniuma hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa. Kitu kinachouma unakijua kipo. Hiki kilikuwa kimekaa ndani yangu muda wote ule, kinafanya kazi yake kimya, na mimi napiga soga na madereva.

Damu nilikuwa naiona. Kila nikipiga mswaki mate yalikuwa mekundu, nikasema ni haya maji ya huku, ni joto, ni ugeni. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Jengo ninalolinda ni la chuo cha madaktari wa meno. Kuna mwalimu wao mmoja, Daktari Zuwena, mama wa makamo, bibi yake alitoka Unguja, kwa hiyo Kiswahili anakijua cha nyumbani kwao. Kitamu kweli. Nikiongea naye najisikia kama mtu anayelima mbele ya mtu anayefuma. Kila asubuhi lazima anisalimie. Siku ile nilimwitikia nimefumba mdomo.

"Faustini, mbona leo wanificha meno? Hebu fungua kinywa, mwanangu."

Nikafungua. Uso wake ukabadilika, akaniambia nimwone ndani zamu ikiisha. Wanafunzi wao wanatafuta watu wa kujifunzia, basi nikawa mimi. Walichukua kijichuma chembamba butu wakakipitisha kati ya jino na ufizi. Kwa mtu mwenye fizi nzima kinagota karibu. Kwangu kilizama. Kilizama mpaka yule binti aliyekishika akamtazama mwalimu wake. Wakanipiga picha, Daktari Zuwena akanionyesha taya langu. Mama, unazijua kingo za mto Katuma zinavyoliwa: juu majani mabichi, ng'ombe wanakula, chini hakuna udongo, maji yameshaingia. Taya langu lilikuwa hivyo.

Nikamuuliza, "Ni mdudu, daktari? Kwetu wanasema mdudu wa jino."

"Wadudu wamo," akasema, "lakini wadogo, jicho halioni. Wamejenga kwenye huu ugaga ulioganda chini ya ufizi. Ila mfupa huu hawakuula wao, Faustini. Umeliwa na mwili wako wewe mwenyewe."

Nilidhani ni fumbo la watu wa pwani. Akavuta kiti akanieleza. Alisema kila chembe ya mwili wetu imefunikwa na utando, na katika utando ule mna shahamu. Nikamwambia shahamu mimi siijui. Akacheka: "Mafuta, basi. Haya ya mwilini." Wadudu wakikaa muda mrefu kwenye ugaga, chembe zinakata kipande cha mafuta yale na kukigeuza kuwa ujumbe. Ujumbe unasambaa kwenye ufizi. Kuna unaoita askari wa damu waje. Kuna mwingine unaofungua mishipa, ufizi ukavimba na kutoka damu, kisha unaziamsha zile chembe zinazokula mfupa. Huu wa pili jina lake nililiandika kiganjani nisilisahau, linaitwa prostaglandini.

Mimi nikalitafsiri kwa akili yangu ya kwetu Usevya. Unakumbuka ule mwano, yowe la kuitana, waliopiga Wasukuma kule Kasansa, kwa dada, ng'ombe walipoibwa? Watu walitoka kila upande na fimbo na mapanga. Mwizi alikuwa keshavuka mto zamani. Lakini waliokuja kusaidia walizungukazunguka pale, kelele zinaita wengine, wengine wanaongeza kelele, na kulipokucha shamba la mpunga la shemeji lilikuwa limekanyagwa lote. Mwizi hakugusa hata suke. Mafuta yale ndiyo mwano wenyewe. Nilipomweleza Daktari Zuwena alisema mfano huo ataufundishia.

Akaongeza kwamba kuna mafuta mengine yanayofanya kinyume. Hayo ndiyo yanayowaambia askari kazi imekwisha, rudini makwenu. Na mwili unayatengeneza hasa kutokana na mafuta ya samaki. Alisisitiza kwamba samaki peke yake hatibu, ugaga lazima utolewe, lakini asiyekula anajinyima.

Sasa tuje kwenye kosa. Siku ile nilikuwa na furaha ya mtu aliyejua jambo, nikatuma ujumbe wa sauti kwa kaka: "Kumbe fizi haziliwi na mdudu, zinaliwa na mafuta." Basi. Nikakata, zamu ilikuwa imeanza. Kaka akaufungua wakati mnabangua karanga, kama kawaida yake, sauti mpaka mwisho. Mimi nilisema mafuta, nyie mkasikia chupa ya mawese.

Sikujua mpaka juzi niliposema na Anastazia kwa picha, kwenye simu ya kaka. Mke wangu ana tumbo kubwa na shingo nyembamba. Nikamuuliza anakula nini.

"Ugali na matembele ya kuchemsha."

"Na karanga?"

"Mama kasema zina mafuta."

"Migebuka je? Dagaa?"

"Nao wana mafuta. Mama kasema fizi zangu zinatoka damu, tusiongeze moto."

"Mswaki unapiga?"

"Nimeacha. Mama kasema mswaki ndio unaozichokonoa, tuziache zipone."

Alikuwa anafunika mdomo kwa kitenge. Nikamwambia atoe mkono nimwone, akacheka akasema, "Acha bwana, jino la mbele linacheza." Alilisema kama mtu anayesema kikombe kimepata ufa. Mimi huku nikashikilia nguzo ya geti.

Mama, nakuheshimu, na ninajua kila ulichomfanyia ulikifanya kwa kumpenda. Najua unamwamsha wewe, unamchotea maji wewe, humruhusu hata kuinama. Lakini nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikaona bora nisiongee na mtu. Mmemwondolea samaki ambaye angewarudisha askari nyumbani, na mmemwondolea mswaki ambao ungempunguza mwizi. Fizi hazitoki damu kwa sababu ya mswaki. Zinatoka damu kwa sababu ya uchafu ambao mswaki haujaufikia, na ukiuacha, moto unapata kuni zaidi.

Kesho yake nilimngoja Daktari Zuwena getini. Nikamwambia habari za Anastazia, kwamba ana mimba, kwamba fizi zinatoka damu na jino linacheza, na kwamba mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi saba. Hakunijibu kwa mzaha wake wa kila siku. Aliuliza sasa hivi ana miezi mingapi. Nikamwambia anaingia wa saba.

Akasema, "Ile prostaglandini niliyokutajia, Faustini, ndiyo hiyo hiyo inayoamsha uchungu siku ya kuzaa ikifika."

Nikamuuliza kama fizi za Anastazia zinaweza kuuamsha mapema. Akaniambia asingependa kunidanganya. Wataalamu wenyewe wanabishana. Wako walioona kwamba wanawake wenye fizi mbovu wanajifungua kabla ya wakati kuliko wengine, na wako waliowasafisha wajawazito fizi na bado watoto wakaja mapema. Mimba inaharibika kwa mambo mengi, malaria, presha, maambukizi ya njia ya mkojo, na yote hayo apimwe. Nikamuuliza, angekuwa binti yako ungefanyaje? Akasema, "Nisingeuacha moto ule uwake kinywani mwake hata wiki."

Sasa mama, hapa naomba ukae chini.

Tulipokuwa wadogo, tukishamaliza kula ulikuwa unatufungulia kinywa utuonyeshe mapengo yako. Kila mtoto na jino lake, ulikuwa unasema, na wanawake wenzako wote wanasema hivyo hivyo mpaka leo. Hili la Leonsi. Hili la dada yenu. Hili la Faustini, lilinisumbua kuliko yote, kama mwenyewe. Tulikuwa tunagombania kuingiza kidole kwenye mapengo yetu, kila mtu na lake. Tuliona fahari. Lakini kulikuwa na moja la juu, upande wa kushoto, ambalo ulilipita tu. Siku moja dada akakuuliza. Ukasema, "Hilo la yule asiyekaa," ukainuka ukaenda kuosha vyombo.

Nimeliwaza pengo hilo tangu niongee na daktari. Siku zote tumeamini kwamba mtoto akija anaondoka na jino la mama yake. Je, mama, kama ni kinyume? Kama liko jino lililoondoka na mtoto?

Nisamehe kwa kuliandika. Neno kama hili singeweza kulisema kwenye simu ya kaka, na hata ana kwa ana sijui kama ningethubutu. Wala sikulaumu. Nani angekuambia? Bibi alikuambia wewe kama alivyoambiwa na mama yake. Na huenda fizi hazikuhusika kabisa, huenda ilikuwa homa ile uliyokuwa nayo, mimi sijui na Daktari Zuwena naye hajui. Lakini nakumbuka mwaka ule Anastazia alipompoteza wetu. Miezi ile yote mto wake wa kulalia ulikuwa na madoa mekundu asubuhi. Tukasema ni mimba, fizi za mimba ndivyo zilivyo. Mimi mwenyewe niliufua mto ule mara nyingi, nikauanika juani, nikaenda shambani.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu kwa uzito huu tangu unizae. Ukimaliza kusoma, mchukue Anastazia mwende Mpanda, kwenye hospitali kubwa, chumba cha meno. Nenda naye wewe, usimtume kaka. Mtafikia kwa mama mdogo. Waambie wamsafishe ugaga, na wampime na yale mengine ya wajawazito. Najua utasema mjamzito haguswi jino. Nilimuuliza daktari hilo kabla ya yote, maana nilijua ndilo litakalokuwa la kwanza kinywani mwako. Kasema kusafishwa fizi hakumdhuru mama wala mtoto, wanafanya kila siku. Kinachodhuru ni kuacha.

Mswaki apige tena, laini, asubuhi na akitaka kulala, hata kama damu itatoka siku za mwanzo. Asiogope damu ile. Karanga mrudishieni, na samaki, hasa wale dagaa wa ziwani. Na jambo moja ushike sana: akisema anaumwa, msimnunulie vidonge vya maumivu pale dukani, diklofenaki na wenzake. Mimi nilidhani nimepata ujanja, maana vidonge vile vinazima mwano kweli. Daktari akanikatisha. Kasema kwa mimba iliyokua kama hii vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asimeze kitu ambacho hakikuandikwa na mtu wa hospitali.

Mimi wamenisafisha upande mmoja, upande wa pili bado. Walinichoma ganzi, wakakwangua chini ya ufizi, nikasikia sauti kama sufuria lenye ukoko. Meno mengine mawili yanayocheza wamesema wataangalia kama yatashika. Mfupa ulioliwa haurudi, mama. Wanazuia usiendelee tu. Hilo nalo wamenieleza waziwazi, na nimeona heri niambiwe.

Nilikuwa nimefika hapa, nikaiweka kalamu nimfungulie mwalimu mmoja geti. Niliporudi nimekuta ujumbe wa maandishi kutoka kwa kaka, mfupi kama anavyoandika yeye: "Shemeji mgongo tangu asubuhi. Tumbo linakaza linaachia. Mama kasema ni kawaida. Usiwe na wasi."

Nimeapa leo sitapiga simu, nimepiga ya kaka. Mteja hapatikani. Nimepiga ya katekista, inaita, hakuna anayepokea, labda yuko shambani. Nimepiga ya mama mdogo Mpanda, nashukuru yeye kapokea, kelele za sokoni nyingi, nimempigia makelele mpaka wapita njia wa huku wakasimama kunitazama. Nimemwambia ampate mtu yeyote wa Usevya aliye mjini, atafute gari, aseme Anastazia apelekwe hospitali leo, si kesho, leo. Kasema, "Ngoja nifunge gunia." Sijui amepata gari. Sijui njia ya huko ikoje kama mvua imeshaanza.

Yusufu yuko hapa na begi lake, anasema anachelewa, anashangaa kwa nini bado naandika wakati nimeshasema yote kwa simu. Nimemwambia sijasema yote. Lile la mapengo sijalisema. Mama, kama barua hii itakukuta na yote yamekwisha, kwa heri au kwa shari, isome hivyo hivyo mpaka mwisho, maana dada naye ana mabinti Kasansa, na wao watazaa.

Nisalimie kaka Leonsi, mwambie simu ni kitu cha kuchaji. Msalimie dada na shemeji yangu wa Kasansa. Mshukuru mama mdogo kwa gunia lake alilolifunga kabla ya saa ya kufunga. Katekista mwambie asinielewe vibaya kwa kupiga mara nyingi, na kama ana sala ya ziada ninaihitaji. Anastazia mwambie nilimwona vizuri hata alipojifunika.

Na kuna mmoja sina jina la kumwitia. Weka kiganja chako kwenye tumbo la mama yake, mahali anapopiga teke, umwambie baba yake anamsalimu sana. Mwambie ninatamani kumwona kuliko kitu chochote duniani, na kwa hiyo asije. Asije sasa.

Mimi mwanao,
Faustini